Je, Kizuri Chajiuza? Maswali Magumu ya Usaili wa Kazi na Adabu ya Usemi: Mfano wa Voi na Taita Taveta

Utangulizi

Palikuwa na wakati ambapo mhitimu wa ualimu nchini Kenya hakuhitaji kujieleza mbele ya jopo lolote. Alimaliza masomo, akapangiwa shule, akafunga sanduku lake na kwenda kuripoti. Utaratibu huo ulivunjika mwaka 1998, serikali iliposimamisha uajiri wa moja kwa moja wa walimu. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, nafasi hutangazwa na waombaji wakazishindania. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 nayo ilianzisha bodi za utumishi wa umma katika kila kaunti, na kaunti zenyewe zilipoanza kazi mwaka 2013, usaili ulisogea karibu na nyumbani. Kijana wa Taita Taveta anaweza leo kusailiwa Mwatate, Wundanyi, Voi au Taveta na watu wanaoijua milima aliyozaliwa.

Hata hivyo, ukaribu huo haujaondoa woga. Wengi wetu tunaosomea Kiswahili tunaweza kuchanganua tamthilia nzima kwa saa moja, lakini tunaposikia "Tueleze kuhusu wewe" ndimi hututeleza. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba swali gumu la usaili, mara nyingi, si swali ambalo mwombaji halijui jibu lake. Ni swali linalogonganisha adabu mbili za usemi: adabu tuliyolelewa nayo nyumbani, na adabu inayotarajiwa na jopo. Aidha, makala yanapendekeza kwamba daraja baina ya adabu hizo tayari tunalo katika taaluma yetu, nalo ni kisa.

Usaili kama tukio la usemi

Dell Hymes, mwanaisimujamii wa Marekani, alitufunza kuyatazama mazungumzo kama matukio yenye mandhari, washiriki, malengo, mfuatano wa vitendo na kaida zake. Tukiutazama usaili kwa jicho hilo, tunaona kwamba una sajili yake mahususi. Mwenyekiti wa jopo ndiye mwenye mamlaka ya kufungua na kufunga mazungumzo. Zamu za kusema hazigawanywi sawa. Muda ni mfupi, na kila neno la msailiwa linatiwa alama na watu ambao huenda hawamjui kabisa.

Mwaka 1979, John Gumperz na wenzake walishiriki katika kuandaa filamu iliyoonyeshwa katika televisheni ya BBC nchini Uingereza, ikihusu mazungumzo baina ya Waingereza na watu wenye asili ya Asia Kusini. Hoja yao kuu ilikuwa kwamba mwombaji anaweza kuijua lugha, akawa na sifa za kazi, na bado akashindwa katika usaili kwa kuwa hakuelewa swali lilikuwa linatafuta nini. Maneno aliyasikia, kaida iliyojificha nyuma ya maneno ndiyo iliyompita.

Mwandishi wa makala haya aliyaona hayo mwenyewe. Katika usaili wake wa kwanza mjini Voi, kwa nafasi ya kufundisha katika shule ambayo haina haja ya kutajwa, aliambiwa ajieleze. Alianza kwa jina la babake, akalitaja la babu, akataja kijiji na mlima, akaeleza yeye ni wa ngapi katika watoto saba. Jopo lilisikiliza kwa heshima kwa dakika mbili hivi, kisha mwenyekiti akauliza, "Na kazi, je?" Kazi hakuipata. Lakini jibu lile halikuwa la kipumbavu. Ukiingia katika boma la mzee pale Mbololo au Werugha, ndilo jibu hasa linalotakiwa: mtu ni wa watu kabla hajawa wa kazi. Kosa lilikuwa kulipeleka jibu la bomani katika chumba cha jopo.

Mgogoro wa methali

Methali zetu nyingi zinatukataza kujisifu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mtoto aliyekuzwa kwa busara hizi hufundishwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, kutokatiza maneno, na kuacha wengine wamsemee mema. Akifika mbele ya jopo, anaambiwa awatazame wasaili usoni na kutaja sababu tatu kwa nini yeye ni bora kuliko wenzake. Anajikuta ameambiwa ajitembeze kama kile kibaya cha methali.

Baadhi ya washauri humwambia kijana huyu aitupe adabu ya nyumbani na kujifunza majivuno. Ushauri huo ni hafifu kwa sababu mbili. Kwanza, majivuno ya kuazima hayamkai mtu. Jopo huyatambua upesi. Pili, wasaili wa Voi wenyewe ni watoto wa adabu ile ile, na wengi hukerwa na mwombaji anayejipiga kifua.

Jibu linapatikana katika methali nyingine: muungwana ni vitendo. Mtu anayesema "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye kushirikiana na wengine" amejisifu bila kuthibitisha. Anayesimulia jinsi alivyosimamia darasa la wanafunzi 60 kwa muhula mzima mwalimu mwenzake alipougua hajatamka sifa hata moja, ilhali sifa zote zimesikika. Adabu ya nyumbani haikuvunjwa na haja ya jopo imetimizwa.

William Labov na Joshua Waletzky, katika uchanganuzi wao wa mwaka 1967 wa masimulizi ya watu wa kawaida, walibainisha kwamba simulizi kamili huwa na mandhari, tatizo, tathmini na utatuzi. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hahitaji kufunzwa hayo upya. Anachohitaji ni kuyahamisha kutoka kwa Sungura na Fisi hadi kwenye maisha yake mwenyewe, na kuyafupisha yatoshee dakika mbili.

Aina tano za maswali magumu

1. Swali la nafsi

Hapa ndipo penye "Jieleze", "Una uwezo gani?" na "Udhaifu wako ni upi?" Katika kujieleza, nasaba ipewe sentensi moja, elimu sentensi mbili, na kazi uliyowahi kuifanya ipewe sehemu kubwa iliyobaki. Kuhusu udhaifu, waombaji wengi hukariri jibu la hila: "Udhaifu wangu ni kwamba ninafanya kazi kupita kiasi." Jopo limelisikia mara mia. Afadhali utaje udhaifu wa kweli usiogusa kiini cha kazi, kisha useme umefanya nini kuurekebisha: "Nilikuwa nikichelewa kusahihisha insha. Siku hizi ninasahihisha insha 10 kila jioni, na wanafunzi hupata kazi yao kabla ya wiki kwisha."

2. Swali la pengo

"Ulihitimu miaka minne iliyopita. Umekuwa ukifanya nini?" Swali hili huumiza kuliko mengine kwa kuwa linagusa aibu. Wengi wamekuwa walimu walioajiriwa na bodi za usimamizi wa shule, wakilipwa kidogo na kwa kuchelewa. Wengine wameendesha bodaboda baina ya Voi na Sagalla, wameuza matunda katika soko la Taveta, au wamebaki nyumbani kumuuguza mzazi. Mwombaji hudhani kazi hizi si za kutajwa, hivyo hukaa kimya. Na kimya hicho jopo hukijaza kwa dhana yake.

Pengo lisemwe kwa ukweli na kwa ufupi. Mwendesha bodaboda aliyeweka daftari la mapato, akalipa mkopo wa pikipiki na kubeba wagonjwa usiku, ana visa vya uaminifu na nidhamu ambavyo mhitimu wa jana hana. Aliyemuuguza mzazi aseme hivyo bila kuomba huruma, kisha aeleze sasa yuko tayari kwa kazi. Kutunga ajira ya uongo ili kuziba pengo ni hatari kubwa, kwani simu moja kwa mdhamini huweza kuufichua.

3. Swali la hali

Katika maswali haya, jopo humpa mwombaji tukio la kubuni na kumtaka aeleze atakavyotenda. Katika Taita Taveta hali nyingi hutokana na mazingira yenyewe. Takriban asilimia 62 ya eneo la kaunti imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Kwa hiyo, anayeomba kazi ya mawasiliano na jamii katika shirika la uhifadhi anaweza kutarajia swali la namna hii:

Msaili: Usiku, ndovu wameharibu mahindi ya wanakijiji chini ya mlima Sagalla. Asubuhi wanakijiji wamefunga barabara na wanataka kukuona. Utafanya nini?

Jibu la kwanza linalowajia wengi ni hili: "Nitawaelimisha wananchi kuhusu umuhimu wa wanyamapori." Jibu hili lina kasoro kubwa. Linamwona mkulima aliyepoteza chakula cha mwaka kama mtu aliyekosa elimu. Hebu tulilinganishe na hili:

Msailiwa: Mheshimiwa mwenyekiti, ningeanza kwa kumwarifu mkubwa wangu na chifu wa eneo, kisha niende. Nikifika, ningewasalimu wazee na kuwasikiliza mpaka wamalize, kwa maana aliyepoteza shamba hawezi kunisikia kabla hajasikilizwa. Ningeomba tuone mashamba pamoja, niandike majina na kiasi cha uharibifu, na kuwasaidia kujaza fomu za madai kwa mujibu wa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Nisingeahidi fedha wala tarehe ya malipo, kwa sababu si mimi ninayeamua. Baada ya hasira kupoa, ningezungumza nao kuhusu kinga, mathalani ua wa mizinga ya nyuki, ambao wakulima wa Sagalla tayari wameutumia kuwazuia ndovu.

Ubora wa jibu hili hautokani na ufasaha. Unatokana na mambo manne: mpangilio wa hatua, ujuzi wa sheria, ujuzi wa mahali, na kujua mipaka ya mamlaka yake. Mtindo huo huo hutumika kwingineko. Muuguzi ataulizwa kuhusu foleni ndefu na jamaa wa mgonjwa mwenye hasira. Mwalimu, kuhusu mwanafunzi aliyeacha shule kwenda kuchimba vito. Mhudumu wa hoteli ya kitalii, kuhusu mgeni anayelalamika kwa sauti mbele ya wageni wengine. Kila mmoja ajiulize: nani aarifiwe kwanza, nani asikilizwe, sheria inasemaje, na uwezo wangu unakomea wapi?

4. Swali la taaluma

Msomaji wa jarida hili ajitayarishe kwa swali lake hasa: "Umesoma Kiswahili. Kila mtu hapa anakizungumza. Kitatusaidia nini?" Wengi hujibu kwa fahari ya lugha. Husema kuwa Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi, kwamba UNESCO iliitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na kwamba Umoja wa Afrika ulikikubali kama lugha ya kazi mwaka 2022. Yote ni kweli, lakini jopo halikuuliza habari za lugha; liliuliza habari zako.

Jibu lenye uzito huonyesha kazi. "Nimeleta nakala ya tangazo la afya lililoandikwa kwa Kiingereza, pamoja na Kiswahili nilichokiandika mimi. Niliwasomea watu wanane sokoni matoleo yote mawili. Walichokielewa katika kila moja ni hiki." Mhitimu wa Kiswahili anaweza kuandika kumbukumbu za mikutano ya umma, kufasiri miswada ya kaunti, kuhariri, na kusuluhisha kutoelewana. Anayekwenda na kazi mkononi hana haja ya kuitetea shahada yake.

5. Swali lisilofaa kuulizwa

"Umeolewa?" "Unatarajia kupata mtoto karibuni?" "Wewe ni Mdawida, Msagalla au Mtaveta?" Ibara ya 27 ya Katiba inakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, ikiwamo jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, asili ya kikabila, ulemavu, dini na lugha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 5, inamkinga hata yule ambaye bado ni mwombaji tu.

Suala la kabila linahitaji maelezo zaidi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka, katika uajiri wa ngazi ya kuingilia, angalau asilimia 30 ya nafasi ziende kwa wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti. Basi habari za jamii ya mwombaji zinaweza kuhitajika kihalali, lakini mahali pake ni kwenye fomu ya maombi, wala si katika kupima uwezo wake.

Mwombaji afanye nini swali kama hilo linapotoka kinywani mwa mtu mwenye kazi mkononi? Kukataa kwa ukali ni haki yake, japo huweza kumgharimu. Kujibu kila kitu nako kunaidhinisha kosa. Njia ya katikati ni kujibu wasiwasi uliojificha nyuma ya swali: "Ikiwa jopo lingependa kujua kama nitaweza kufanya kazi za zamu na safari, naweza, na katika kazi yangu ya awali sikuwahi kukosa zamu." Jibu hili linalinda heshima ya pande zote mbili. Lakini likija dai la rushwa au la aibu, hapo hakuna njia ya katikati. Sheria ya Rushwa ya mwaka 2016 inalitaja kuwa kosa la jinai kwa mtoaji na mpokeaji. Ondoka, andika kilichosemwa na saa yake, na upige ripoti.

Namna ya kujiandaa

Kwanza, lichambue tangazo la kazi kama unavyolichambua shairi. Kila jukumu lililotajwa ni swali linalokungoja. Likisema "kuratibu mikutano ya wadau", jiulize ni lini uliwahi kuratibu mkutano, hata wa kanisa, msikiti au chama cha wanafunzi.

Pili, andaa daftari la visa. Andika visa sita vya kweli: ulipotatua mgogoro, uliposhindwa ukajifunza, ulipoongoza, ulipopokea lawama, ulipofanya kazi kwa uhaba wa vifaa, na ulipojifunza jambo jipya kwa haraka. Kila kisa kiwe na mahali, tatizo, kitendo chako na matokeo. Visa sita vilivyotayarishwa vizuri hujibu maswali 20.

Tatu, fanya mazoezi kwa sauti. Anayesoma kimya hujidanganya. Mwombe rafiki awe mtegaji, akuulize bila mpangilio, naye akupimie muda. Usaili mwingi hufanywa kwa Kiingereza, hivyo simulia visa vyako kwa lugha hiyo pia. Usivikariri neno kwa neno. Ishike mifupa ya kisa, nyama itakuja yenyewe.

Nne, ijue taasisi. Soma mpango wake, tembelea ofisi zake, ongea na wanaohudumiwa nayo. Kama ni kazi ya umma, ngazi ya mshahara kwa kawaida imekwisha pangwa, na swali la "Ungependa kulipwa kiasi gani?" linahitaji tu uijue ngazi hiyo. Kama ni kampuni binafsi, ulizia viwango vya kazi kama hiyo mjini kabla ya kwenda, kisha utaje kima cha chini na cha juu.

Tano, jifunze kusema "sijui". Katika utegaji wa vitendawili, anayeshindwa hutoa mji, naye mtegaji humpa jibu. Hakuna aibu, mchezo huendelea. Katika usaili pia, mji wako ni ukweli: "Hilo silijui kwa sasa. Ningeliuliza kwa afisa wa sheria kabla ya kutenda." Anayebuni jibu ameukataa mji na kulipoteza soko lote.

Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni bure, kwa kuwa nafasi zina wenyewe kabla hazijatangazwa. Malalamiko hayo yana chanzo, na haitakuwa haki kuyapuuza. Hata hivyo, imani kwamba kila nafasi imeuzwa hulisaidia pia lile jopo la haki kumwajiri asiyestahili, kwa sababu anayestahili alikuja mikono mitupu. Katiba, katika ibara ya 232, inaweka ushindani wa haki na sifa kuwa msingi wa uteuzi katika utumishi wa umma. Mwombaji aliyejiandaa ndiye mwenye sauti ya kuulizia msingi huo unapokiukwa.

Tunarudi kwenye methali. Kizuri chajiuza, naam, lakini sokoni hata kizuri hutolewa kapuni kikawekwa juani kionekane. Kukitoa kapuni si kukitembeza. Mwandishi wa makala haya alirudi mbele ya jopo jingine miezi minane baadaye, akaambiwa tena ajieleze. Alimtaja babake kwa sentensi moja, kisha akasimulia habari za darasa lake. Safari hii hakuna aliyemuuliza, "Na kazi, je?"